Maswali ya Wasomaji: Spana ya Toki na Kihisi Kinachoipima

Barua tatu za safari hii zinahusu jambo moja, nalo ni namna ya kujua kwamba spana au mashine ya kukazia bolti inatoa kweli nguvu inayodai kutoa. Nguvu hiyo ya kuzungusha, yaani toki, hupimwa kwa newtonmita, ambazo tutaziandika Nm.

SWALI: Ndugu Mhariri, gereji yetu ya malori ina spana mbili za toki za aina ile inayolia "tak" inapofika kipimo ilichowekewa. Ndogo ni ya Nm 40 hadi 200 na tunaitumia kwenye injini, na kubwa ni ya nati za magurudumu. Tumenunua kihisi cha toki cha Nm 1000 ili tujipimie wenyewe, na karatasi yake inasema kosa lake halizidi asilimia 0.5 ya uwezo wake wote. Tulipoiweka spana ndogo kwenye 40, 120 na 200, kihisi kilisoma karibu na 42, 126 na 210, na kila tuliporudia majibu yalikuwa yale yale. Fundi wangu anataka kuifungua apunguze springi. Nimruhusu? (Msimamizi wa gereji, Morogoro)

JIBU: Usimruhusu bado, ndugu yangu. Asilimia 0.5 ya Nm 1000 ni Nm 5, na kosa hilo la Nm 5 linaweza kuwepo popote katika safari yote ya kihisi, hata pale kinapopima toki ndogo. Kwenye 40, tofauti uliyoiona ni Nm 2 tu, ambayo ni ndogo kuliko kosa la kihisi chenyewe, kwa hiyo hapo hujapima chochote. Kwenye 120 tofauti ni Nm 6, nayo imelipita kosa la kihisi kwa Nm 1 tu. Kwenye 200 ndipo unapoanza kuwa na hoja dhidi ya spana.

Mafundi wa vipimo hutumia kanuni kwamba kosa la chombo kinachopima lisizidi robo ya kosa linaloruhusiwa kwa chombo kinachopimwa. Kiwango cha kimataifa cha spana za mkono, ISO 6789, ambacho toleo lake la 2017 limegawanywa sehemu mbili, huruhusu spana ya aina yako yenye uwezo unaozidi Nm 10 ikosee kwa asilimia 4 juu au chini. Robo yake ni asilimia 1, na asilimia 1 ya 120 ni Nm 1.2. Kihisi chako kinafikia sharti hilo kuanzia Nm 500 kwenda juu, kwa hiyo kinaifaa spana ya magurudumu inapokaza kwa Nm 600 au 700, lakini si hii ya injini. Kwa spana ndogo tafuta kihisi cha Nm 200 au 250, na usome karatasi yake kwa makini kabla ya kulipa, kwa sababu kuna wauzaji wanaoandika "asilimia 0.5" kwa herufi kubwa bila kusema ni asilimia 0.5 ya nini. Kinachokufaa ni kile ambacho kosa lake limetajwa kwa asilimia ya thamani inayosomwa, kuanzia walau sehemu ya tano ya uwezo wa spana yako, yaani Nm 40.

Kuna jambo la pili, na hili nalishuku zaidi kuliko springi. Spana inayolia haikati nguvu baada ya mlio; huachia kwa nyuzi chache, kisha hushika tena, na mtu anayeendelea kuvuta huongeza toki kama anayetumia spana ya kawaida. Ikiwa kionyeshi cha kihisi chako kimewekwa kukumbuka kilele cha juu kabisa, kitakuandikia nguvu ya mkono wa fundi wako baada ya mlio, na fundi mwenye mkono uliozoea atairudia nguvu hiyo kila mara, kiasi cha kukufanya uamini kuwa ni tabia ya spana. Vionyeshi vingi vya kazi hii vina hali ya kushika kilele cha kwanza, ile namba inayofikiwa kabla toki haijashuka kwa mara ya kwanza. Tumia hiyo.

Unaporudia jaribio, funga kihisi imara kwenye jiliwa au kwenye meza isiyotikisika, uache spana na kihisi vikae chumba kimoja hadi vipate joto moja, kisha uweke kionyeshi kwenye sifuri. Vuta spana mara tano kwenye kipimo chake cha juu bila kuandika, ili grisi na sehemu za ndani zikae sawa. Baada ya hapo anza na asilimia 20 ya uwezo, uende asilimia 60, umalizie na asilimia 100, ambazo kwa spana yako ndizo zile zile 40, 120 na 200, na uandike masomo matano kwa kila hatua. Mkono ukae katikati ya alama ya mshikio, uvute polepole na kwa mfululizo, hasa unapokaribia mlio, bila kuiinua wala kuikandamiza spana, kwani nguvu ya pembeni huingia kwenye kihisi pia.

Kosa huhesabiwa kwa kuchukua thamani uliyoiweka kwenye spana, kutoa iliyosomwa na kihisi, kisha kugawa kwa iliyosomwa na kihisi. Wengi hugawa kwa ile ya spana na kupata jibu tofauti kidogo. Kwa hesabu hii, spana iliyowekwa 120 hupita ikiwa kihisi kinasoma kati ya 115.4 na 125.0. Kila somo kati ya yale matano linapaswa kuwa ndani ya mipaka, si wastani wake tu.

Ikishindwa hata hapo, andika kwanza namba ulizozikuta, pamoja na tarehe na namba ya spana, ndipo uguse skrubu ya kurekebishia. Namba hizo ndizo zitakazokuambia kama bolti zilizokazwa miezi iliyopita zinahitaji kukaguliwa upya, na fundi anayerekebisha kabla ya kuandika huwa amekwishazifuta. Masomo yakikosea yote kwa kiasi kimoja, springi inarekebishika. Yakitawanyika, leo 118 na sasa hivi 131, skrubu haitakusaidia. Ndani kuna uchafu, grisi iliyokauka au sehemu iliyolika. Mtumiaji asiye na ratiba yake mwenyewe huigeza spana, yaani huilinganisha na kipimo kinachojulikana, kila baada ya miezi 12 au mikazo 5,000, kinachotangulia, na mapema zaidi ikiwa imeanguka au imetumika kufungulia nati zilizoganda.

SWALI: Mhariri, sisi tunatumia mashine za hewa. Je, naweza kuifunga mashine kwenye kihisi kilichofungwa mezani, kama nifanyavyo kwa spana, nikapata jibu? (Fundi, Mombasa)

JIBU: Jibu utalipata, ila halitafanana na kile kinachotokea kwenye bolti. Mashine inapogonga kitu kisichozunguka kabisa, toki hupanda ghafla na uzito wa sehemu zake zinazozunguka huongezea namba. Mashine za kukaza kwa mzunguko hupimwa kwa kihisi kinachozunguka, kinachokaa kati ya mashine na boksi (soketi inayovikwa kwenye nati), au kwa kihisi cha mezani chenye bolti ya majaribio na washa za springi zinazoiga kiungo halisi. Kiungo kigumu, mfano chuma juu ya chuma, hufikia toki kamili ndani ya nyuzi kama 30 tangu kichwa cha bolti kigusane na chuma. Kiungo laini, chenye gasketi, huweza kuhitaji hadi mizunguko miwili. Mashine ile ile kwa mpangilio ule ule hutoa namba tofauti kwenye viungo hivyo viwili, kwa hiyo ipime kwenye vyote.

Ile mashine inayogonga kwa mapigo, ambayo ndiyo iliyojaa magereji yetu, sikushauri uiamini kwa kipimo chochote. Itumie kufikisha nati mahali pake ikiwa bado chini ya kiwango, kisha malizia kwa spana ya toki.

SWALI: Shikamoo Mhariri. Mwalimu ametuambia kihisi cha toki nacho lazima kigezwe. Kinagezwa kwa nini, kama chenyewe ndicho kipimo? (Mwanafunzi wa ufundi, Dodoma)

JIBU: Marahaba. Ndani ya kihisi hakuna toki, kuna mhimili wa chuma uliobandikwa vipande vyembamba vya waya, viitwavyo streni geji, kwa pembe ya nyuzi 45. Mhimili ukisokotwa, vipande viwili huvutika na viwili hubanwa, ukinzani wao wa umeme hubadilika, na vikiunganishwa kwa mtindo wa daraja la Wheatstone, yaani saketi ya vikinzani vinne, hutoa volteji ndogo sana. Kihisi kinachotoa milivolti 2 kwa kila volti 1 kinayopewa, kikipewa volti 10, hutoa milivolti 20 tu kwenye toki yake kamili. Kubadilisha milivolti hizo kuwa Nm kunahitaji mtu aliyekwishakipa kihisi toki inayojulikana akaandika kilichotoka.

Toki hiyo hupatikana kwa mkono wa chuma uliopimwa urefu na mawe ya uzito. Ning'iniza kilo 20 umbali wa nusu mita kutoka katikati ya mhimili, mkono ukiwa mlalo kabisa. Vitabu hutumia mvutano wa dunia wa 9.80665 (mita kwa sekunde mraba), na utapata Nm 98.07. Lakini sisi tuko karibu na Ikweta, na Dar es Salaam mvutano ni takriban 9.781, kwa hiyo toki halisi ni Nm 97.81. Tofauti ni karibu asilimia 0.26, ambayo kwa fundi wa magurudumu si kitu, ila kwa anayegeza kihisi cha asilimia 0.5 imemla zaidi ya nusu ya nafasi yake. Nairobi, kwa sababu ya mwinuko, mvutano hupungua zaidi kidogo, hadi kama 9.775.

Mawe na mkono huo navyo hulinganishwa na vipimo vya juu zaidi, hadi kwenye maabara ya taifa, ambayo kwa Tanzania iko chini ya shirika la viwango la TBS na kwa Kenya chini ya lile la KEBS. Ukipeleka kihisi kwenye maabara yoyote, omba kuona hati ya ithibati ya ISO/IEC 17025, kiwango cha kimataifa cha umahiri wa maabara, pamoja na orodha ya vipimo inavyoruhusiwa kufanya, kwa sababu maabara huweza kuwa na ithibati ya mizani na joto bila kuwa nayo ya toki.