Kwa dogo anayechukua Mustang Mach-E GT Jumamosi: ziba farasi kwanza

Dogo, Jumamosi usisaini kitu.

Nilishaapa kutochangia tena nyuzi za magari humu, lakini nimefika kwenye sentensi yako ya tatu chai ikanipalia. "Nakaa apartment, chaji nitakuwa napata hukohuko mtaani, na muuzaji kasema Mustang haishuki bei." Hiyo sentensi nimewahi kuisema mimi, kwa mdomo wangu huu, hapahapa Minnesota, Marekani. Imenila karibu dola 20,000, na leo naendesha Corolla yenye mlango mmoja wa rangi tofauti.

Umeuliza mambo manne: kama ni haki Ford kuiita SUV yao ya umeme Mustang, jina la gari lao la michezo la petroli, kama uchukue GT, ile yenye nguvu zaidi, au ya kawaida, bima ikoje, na kama baadaye unaweza kuipeleka Dar. Wakuu wa humu wamekomaa kurasa tatu kwenye la kwanza. Mabishano matamu, na nitaingia kidogo maana na mimi nina mdomo. Ila hakuna hata mmoja aliyekuuliza unalaza wapi hilo gari usiku.

Mimi nimekulia Tanga. Kaka yangu alikuwa amebandika ukutani ukurasa wa kalenda wenye Mustang nyekundu ya miaka ya sitini, ule ukurasa ukachakaa mpaka yule farasi wa nembo yake akabaki miguu mitatu. Sasa fikiria mtu wa namna hiyo, Oktoba 2021, anamsindikiza rafiki kununua gari, anakuta Mach-E GT imeegeshwa mlangoni na farasi anang'aa mbele. Nilikuwa na Camry niliyomaliza kulipa. Haidai, haiumwi, haina neno na mtu.

Yule jamaa wa mauzo hakutaja kilowati hata moja. Alinifungulia mlango, akaniwekea mkono begani kama tumezaliwa tumbo moja, akasema: "Kaka, hapa hununui gari, unanunua Mustang." Karatasi ya dirishani ilisema dola 61,000 na ushee. Pembeni yake kulikuwa na kijikaratasi kingine, dola 5,000 za nyongeza ya pale dukani. Nikauliza ni za nini. Akasema foleni ni ndefu, hii ni Mustang. Nikalipa! Dola 5,000 kwa picha ya farasi. Farasi mzima angekuja na mkia na mbolea ya bustani.

Nikamuuliza, mimi nakaa nyumba ya kupanga, ghorofa ya pili, nitachaji wapi? Akacheka. Chaja ziko kila mahali, kaka, na isitoshe gari linachaji kwenye soketi yoyote ya ukutani. Hapo ndipo nilipouziwa mbuzi kwenye gunia, na mbaya zaidi mbuzi alikuwa analia humo ndani na mimi nasikia.

Ni kweli linachaji kwenye soketi yoyote. Soketi ya kawaida ya Marekani ni volti 120, inakupa kilowati moja na nusu hivi. Betri ya GT inayotumika ni kilowati-saa 88. Gawanya mwenyewe. Siku mbili na nusu kujaza gari moja, na hapo soketi unayo. Mimi sikuwa nayo. Maegesho yetu yalikuwa nje, lami na theluji basi. Wiki ya pili nikateremsha waya kutoka dirishani kwangu mpaka chini, kama mtu anayeiba umeme wa jirani. Waya ulipita mbele ya dirisha la bibi mmoja wa ghorofa ya kwanza aliyekuwa ananiangalia kila usiku bila kusema neno. Siku ya nne msimamizi wa nyumba akaacha barua mlangoni. Waya utoke, au nitoke mimi.

Basi ikawa chaja za barabarani. Nafanya zamu za usiku kwenye nyumba ya wazee, natoka saa moja asubuhi nimechoka hoi, badala ya kwenda kulala naenda kukaa kwenye maegesho ya duka kubwa nusu saa, saa nzima, mara tatu kwa wiki. Ukikuta mtu mbele yako, ongeza. Ikifika asilimia 80 kasi ya chaji inaanguka, kwa hiyo ile "jaza tanki uondoke" sahau. Bei ya umeme wa hizo chaja si ya umeme wa nyumbani hata kidogo. Nilipiga hesabu, kila maili ilinitoka ghali kuliko Camry. Nimelala ndani ya lile gari kuliko nilivyoliendesha.

Halafu Januari ikaja. Wewe ni mgeni huku bado, umefika kiangazi, nakuonea huruma. GT ilikadiriwa maili 270 kwa chaji moja. Kwenye baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri, kioo cha dashibodi kilinionyesha 160, na nikiwasha hita namba zinashuka kama nauli niliyoidondosha ziwani. Magari yote ya umeme yanapungua kwenye baridi, hilo ni la betri yenyewe. Ila Mach-E za miaka ya mwanzo hazina pampu ya joto, hiyo imekuja kwenye toleo la 2025. Zile za zamani hupasha moto kama pasi, umeme unageuzwa joto hivihivi, na huo umeme unatoka kwenye betri ileile ya kukufikisha. Toleo unalotaka wewe ni la mwaka gani? Nimesoma. La 2021.

Tulikuwa na msiba Duluth, maili 150 na kitu. Nilipiga mahesabu ya kibahili, tutafika. Kufika Hinckley, katikati ya njia, nimezima hita, watoto wamefunikwa blanketi, mke wangu kajitanda khanga mbili juu ya koti. Chaja ya kwanza mbovu. Ya pili ina foleni. Betri ilikuwa imepoa, kwa hiyo ilipofika zamu yetu umeme uliingia kwa matone. Mama watoto alikaa kimya kama dakika arobaini, kisha akaniuliza taratibu, "Baba Asha, huyu farasi wako amechoka? Tumshushe ale majani?" Tulifika wameshazika. Hilo sikusamehe mpaka leo, wewe jamaa wa mauzo, popote ulipo na lile tabasamu lako.

Sasa ile "haishuki bei". Mwishoni mwa 2023 nilitaka kutoka. Deni lilibaki dola 42,000. Bei kubwa niliyopewa ilikuwa 31,000. Maana yake nilitakiwa kutoa 11,000 mfukoni ili niruhusiwe kuachana na gari ambalo si langu. Ongeza zile 5,000 za farasi. Ongeza na lile punguzo la kodi la dola 7,500 la wanunuzi wa magari ya umeme, ambalo jamaa aliniambia "ni kama pesa taslimu". Enzi zile lilikuwa linapunguza kodi unayodaiwa tu, kisichotumika kinapotea, na mimi kodi yangu ya mwaka ule haikufika nusu ya hapo. Ndiyo hizo 20,000 zangu, na sijaweka riba wala rejesho za kila mwezi.

Haya, jina. Wale wanaosema Ford wamelichafua, nawauliza, usafi mlikuwa mnauona wapi? Mustang ya kwanza, Aprili 1964, ilijengwa juu ya mifupa ya Falcon, gari la kawaida la baba kupeleka watoto shule. Wakaivisha umbo na jina, watu wakapagawa. Mwaka 1974 ikaja Mustang II, kidogo, yenye asili ya Pinto, kigari cha bei rahisi cha Ford, mwaka huo huwezi kuipata na injini kubwa ya V8 hata ukilia, na bado waliuza zaidi ya 380,000. Miaka ya themanini walitaka kuleta Mustang ya kuvutwa na magurudumu ya mbele, iliyotengenezwa pamoja na Mazda. Wapenzi wakaandika barua za hasira, ikabidi lile gari litoke kwa jina la Probe. Probe nani analikumbuka leo? Hapo ndipo ujue jina linafanya kazi gani. Hata Bill Ford mwenyewe, mwenyekiti wa kampuni, mwanzoni hakutaka Mach-E iitwe Mustang, wakamshawishi. Na dau limelipa, mwaka 2024 hapa Marekani Mach-E iliuzwa zaidi ya 51,000, ile ya petroli kama 44,000. Kwa hiyo msimlilie farasi, anafanya kazi aliyoajiriwa tangu 1964, ya kukufanya usisome karatasi. Wenzetu wa Uingereza nao wanalia na Capri yao, gari la michezo la zamani la Ford, iliyorudi 2024 ikiwa SUV ya umeme. Poleni, foleni ni ile.

Na si gari baya. Nisieleweke vibaya. Inakimbia mpaka macho yanarudi nyuma, inatulia barabarani, na rafiki yangu mwenye nyumba yake na soketi ya volti 240 gereji anaipenda kuliko wajomba zake. Gari ni lilelile. Yeye analala, linachaji. Mimi nilikuwa nachaji ili nilale.

Kwa hiyo ukifika pale kesho kutwa, fanya hivi, na usione aibu. Chukua karatasi na gundi, ziba farasi wa mbele, ziba wa nyuma. Mwambie muuzaji alitaje gari bila kutaja Mustang. Aseme betri ni ngapi, maili za Januari ni ngapi, linalala wapi na soketi gani. Kisha jiulize kama hiyo SUV ya umeme isiyo na jina ungeilipia hela anayotaka. Mimi ningeliziba hivyo 2021 ningerudi nyumbani na Camry yangu.

Kabla ya hapo mpigie mwenye nyumba wako, uliza soketi ya volti 240, na jibu alitoe kwa maandishi, si kwa simu. Akikataa, GT au ya kawaida hainihusu, zote zitakunywa kwenye bomba lilelile la barabarani.

Naingia zamu. Ile karatasi ya bei waliyokupa ipige picha uweke hapa leo usiku, pamoja na vijikaratasi vyote vya pembeni. Uliuliza na rangi? Nyeupe. Nyekundu utalia kama mimi.