Usiwape wasichana jezi za mwaka jana

Mwaka niliochaguliwa kuwa Waziri wa Michezo katika serikali ya wanafunzi ya chuo kimoja kidogo pale Iringa, nilikabidhiwa mipira miwili, filimbi isiyo na kamba na salfeti la jezi. Timu ya wavulana ilikuwepo. Ya wasichana ilikuwepo kwenye karatasi.

Nikaanza kwa kuharibu. Wavulana niliwanunulia jezi mpya, zile za kwenye salfeti nikawapa wasichana, na nikajiona mtenda haki. Siku ya mechi beki wetu wa kati akatoka na namba 4 iliyomfika magotini, kaifunga fundo kiunoni kwa rababendi. Uwanja mzima ukaangua kicheko. Wiki iliyofuata walikuja mazoezini sita tu. Nahodha wao akaniambia, "Kaka waziri, mpira hatujauacha. Tumechoka kuchekwa."

Kwa hiyo wewe unayeshika michezo chuoni kwako, fedha ikitosha seti moja, anza na wasichana. Wavulana watanung'unika, lakini hata kwa vesti watacheza. Na mhasibu akikuuliza soka la wanawake linampeleka mtu wapi, mwambie Twiga Stars, timu yetu ya taifa ya wanawake, walishacheza fainali za Afrika mwaka 2010 kule Afrika Kusini, tena ligi kuu ya wanawake tunayo.

Uwanja ndio ulionitoa jasho. Tulikuwa na mmoja: wavulana saa 10 jioni, wasichana "wakimaliza". Nani amewahi kuona wavulana wanamaliza? Mwezi wa 6 Iringa, ikigonga saa 12 na nusu giza linaanza kuingia na baridi inakata masikio, ndipo dada zetu wanaanza kupasha misuli. Tukagawana siku. Jumatatu na Jumatano za wasichana, Jumanne na Alhamisi za wavulana, Ijumaa nusu kwa nusu. Nilinuniwa wiki mbili, yakaisha.

Wachezaji watafute mapema, mwaka wa kwanza wanaporipoti. Uliza nani alifika UMISSETA, ile michezo ya shule za sekondari, na wa netiboli usiwaache. Kipa wetu bora hakuwa amewahi kupiga mpira kwa mguu, ila krosi alikuwa anazifuata hewani na kuzidaka kana kwamba kapewa pasi. Miguu tulimfundisha baadaye (kwa kweli haikukaa sawa mpaka anahitimu).

Michango kusanya wiki boom, ile fedha ya kujikimu ya mkopo wa wanafunzi, linapotoka. Ukichelewa siku kumi, umeliwa.

Safari nazo ziunganishe. Kwenda Mbeya kupitia Makambako ni zaidi ya kilomita 300, na Coaster mbili hatukuziweza. Tukakubaliana na wenyeji wetu: wasichana wacheze saa 8, wavulana saa 10, gari moja, wachezaji 14 kila upande. Angalia kwanza ratiba ya majaribio ya darasani, maana mimi niliwahi kusafiri bila washambuliaji wawili. Na masweta yasisahaulike; Mbeya ni juu zaidi ya Iringa, jioni haina huruma.

Raha niliyoipata ni kwamba wavulana walikuwa wakifika mapema, wanakaa pembeni na kushangilia mechi ya saa 8. Aliyecheka sana siku ya fundo ndiye aliyebeba ngoma.

Ile namba 4 ninayo hadi leo. Nafutia pikipiki.