Kamera nyepesi za mtego: anza na betri

Ndugu yangu, umeuliza ni kamera ipi ya mtego, yaani inayojipiga picha yenyewe mnyama anapopita, inayomfaa mwindaji mwenye kibali anayetaka kubeba sita mgongoni katika miombo ya kusini mwa Sikonge, ambako gari haliingii. Mimi nimefanya kazi ya kufuata nyayo katika vitalu vya uwindaji vya mkoa huu wa Tabora kwa misimu kadhaa, na nakushauri usiamini uzito ulioandikwa kwenye boksi kabla hujajua kama betri zimehesabiwa.

Betri moja ya AA ya alkalini ina takribani gramu 23, ilhali ya lithiamu ina takribani gramu 15. Kamera inayotumia betri nane itabeba gramu 184 za alkalini au 120 za lithiamu, na kwa kamera sita tofauti inakaribia gramu 400, uzito ambao mimi ningependa uwe wa maji ya kunywa. Zaidi ya hayo, lithiamu hushikilia nguvu yake karibu hadi mwisho, wakati alkalini hupungua kidogo kidogo, na picha za usiku ndizo zinazoanza kufifia kwa sababu taa za kamera hudai umeme mwingi kwa mara moja. Lithiamu ni ghali, lakini ukijumlisha safari ya miguu ya kurudi kubadilisha betri, ghali ni ile nyingine. Ukipata kamera inayotumia nne tu na kudumu msimu mzima, chukua hiyo.

Jambo la pili ni joto. Kihisi cha kamera hizi hutambua tofauti ya joto kati ya mnyama anayepita na mazingira yaliyo nyuma yake. Kwa hiyo mchana wa Oktoba, ardhi inapowaka, palahala anaweza kupita mbele ya kamera isimwone, ingawa alfajiri ingemnasa kutoka mbali. Ifunge karibu na njia ya kwenda majini, ielekee kaskazini au kusini ili jua la asubuhi na la jioni lisiipige usoni, na ufyeke nyasi zilizo mbele yake, la sivyo utarudi na kadi iliyojaa picha za majani yakipepea.

Kuhusu taa za usiku, ambazo hutofautishwa kwa urefu wa wimbi la mwanga wake, zile za nanomita 850 hufika mbali lakini huonyesha wekundu hafifu. Za 940 hazionekani, ila humulika karibu zaidi. Kwa kuwa maporini kuna watu pia, wanaoweza kuuona wekundu huo, mimi huchagua 940. Megapikseli nyingi zisikuvutie, na kamera ya kutuma picha kwa simu haina kazi pasipo na mtandao.

Kumbuka pia kwamba Ugalla ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 2019, hivyo huko hakuna kuwinda. Na warina asali wenye mizinga jirani waambie mapema ulikofunga kamera zako.