Mwanafunzi asiyeona vizuri darasani: mpe desa (notisi za somo) kabla ya pindi (kipindi)

Mkuu mleta mada, umesema umeanza kufundisha chuo hapa Mwanza, darasa lina watu zaidi ya mia mbili, na humo yupo kijana mwenye ualbino anayesogeza daftari mpaka puani, pamoja na dada mmoja ambaye hasikii vizuri. Unauliza utawasaidiaje bila wengine kuona unapendelea. Mimi nina ualbino. Msingi nilisoma Shule ya Mitindo kule Misungwi, chuo nikasoma hapahapa Mwanza, kwa hiyo nitakaa zaidi kwenye suala la macho maana ndilo ninaloishi nalo.

Kwanza, miwani haimalizi tatizo. Wahadhiri wengi wakiona mtu kavaa miwani wanadhani keshapona. Kwa mwenye ualbino, ile sehemu ya ndani ya jicho inayoona vitu vidogo haikukua kikamilifu tangu tumboni, na macho yenyewe huchezacheza bila mtu kupenda. Ndiyo maana hata akikaa mstari wa mbele ubao unaweza kubaki ukungu mtupu. Mwanga nao unaumiza. Kumbi zetu nyingi zina madirisha mapana, na jua la saa nane mchana unalijua. Akikaa ameelekea dirisha, hata uandike herufi kubwa namna gani haoni kitu. Mwache achague kiti cha kulipa dirisha mgongo, na usimvue kofia darasani.

Sasa lililonisaidia kuliko yote. Mhadhiri wetu wa takwimu alikuwa ananitumia slaidi jioni ya kuamkia pindi. Nazipeleka steshenari, tunafungua faili, tunakuza herufi mpaka 20, tunaprinti. Kesho yake akisema "angalieni jedwali la pili", mimi ninalo mezani, nimeshaliona. Masikio yanamfuata yeye, macho yako kwenye karatasi yangu. Kwenye masomo mengine nilikuwa nasubiri desa la mwenzangu baada ya kipindi, lenye mwandiko wake na makosa yake. Wenzangu wako kwenye vimbweta wanajadili maswali, mimi ndiyo kwanza najua kilifundishwa nini. Ukishindwa mengine yote, hili la desa kutangulia usiliache. Halihitaji bajeti wala kibali cha mtu.

Ila tuma faili lenye maandishi halisi. Kurasa za kitabu zilizopigwa picha, ukizikuza zinapasuka, na ile programu ya simu inayosoma kwa sauti mara nyingi haizisomi. Na usimwambie akakuze kwenye fotokopi. A4 ikikuzwa kwenda A3 ni asilimia 141, kwa hiyo herufi ya 12 inafika 17 hivi, halafu karatasi yenyewe haienei kwenye vile viti vyenye kibao cha kuandikia. Nimehangaika nayo sana, upepo wa feni tu unaibeba.

Ukiandika ubaoni, taja unachoandika. "Hii ukigawanya kwa hii unapata ile" inamwacha nje kabisa. Sema "jumla ya gharama, gawanya kwa idadi ya bidhaa". Na mruhusu apige picha ubao kwa simu aikuze, hata kama simu umezipiga marufuku kwa wengine.

Kuhusu yule dada, nina rafiki mwenye usikivu hafifu niliyesoma naye. Malalamiko yake makubwa yalikuwa wahadhiri wanaoongea huku wameelekea ubao, maana yeye husoma midomo. Mvua ikipiga bati ndiyo kabisa, bora usimame uandike. Tarehe ya test iandike, usiitamke tu wakati watu wanatoka. Kama anatumia lugha ya alama, chuo kimtafutie mkalimani, na wewe ukiongea naye mwangalie yeye.

Hilo la upendeleo lisikunyime usingizi. Swali ni lilelile, usahihishaji ni uleule. Anabadilishiwa njia ya kulifikia swali tu. NECTA (Baraza la Mitihani) wenyewe huwapa watahiniwa wenye uoni hafifu karatasi za maandishi makubwa na muda wa nyongeza, sasa iweje afike chuo avinyimwe? Tunayo Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010, na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu ambao nchi yetu iliuridhia 2009, ambao ibara yake ya 24 inataja hadi elimu ya juu. Upendeleo ni maksi za huruma. Hizo usimpe kamwe. Niliwahi kupewa, na ziliniuma kuliko sapu (mtihani wa kurudia).

Mtihani wa mwisho unataka maandalizi ya mapema. Niliwahi kuingia UE, yaani huo mtihani wa mwisho wa chuo, nikakuta karatasi ya herufi za kawaida. Msimamizi akaenda kutafuta mtu wa kuuliza, saa inatembea, mimi nimeinamia grafu nisiyoiona mistari yake. Nenda ofisi ya mitihani wiki za mwanzo za semista, si wiki ya mtihani. Peleka maombi ya karatasi kubwa, muda wa ziada na chumba chenye mwanga anaouweza. Kabla ya hapo mwite kijana pembeni, faragha, umuulize anasomaje vizuri zaidi. Wengine wanataka herufi 18, wengine 24, wengine wanapenda skrini. Usimsimamishe mbele ya darasa umuulize.

La mwisho watu hawalifikirii, nalo ni ratiba. Huku Kanda ya Ziwa mauaji ya wenzetu kuanzia miaka ya 2007 hatujayasahau. Pindi likiisha saa mbili usiku, mwenye ualbino anatembea kwenda geto kwenye njia isiyo na taa huku macho yake ndiyo hayo, na kila nyayo nyuma yake anazisikia. Kama somo lako lina makundi mawili, mwombe mratibu wa ratiba amweke kundi la asubuhi.