Nini kiliilaza Uranusi ubavu?

Swali: Salaam, mtaalamu. Mwanangu wa darasa la sita amesoma kwamba sayari ya Uranusi hujizungusha ikiwa imelala ubavu. Kaniuliza nini kiliiangusha, nikakosa jibu. Ni kweli iligongwa? Na Dunia yetu inaweza kuanguka hivyo?

Jibu: Salaam, ndugu yangu. Mpongeze mwanao, maana swali lake bado linatukosesha usingizi sisi wa falaki.

Kwanza mwonyeshe. Chukua chungwa, lichome kijiti katikati kitokeze pande zote mbili, kisha washa taa mezani. Kijiti ndicho mhimili. Kikisimama wima, hiyo ni kama Mshtarii, iliyoinama nyuzi 3 tu. Kiinamishe kidogo, nyuzi 23.4, umepata Dunia. Sasa kilaze ncha moja ielekee taa: hiyo ndiyo Uranusi, nyuzi 98 hivi. Lizungushe chungwa kuizunguka taa, ila kijiti kiendelee kuelekea ukuta uleule. Ukifika upande wa pili, ncha iliyokuwa gizani ndiyo inayomulikwa. Uranusi huchukua miaka 84 kumaliza safari hiyo, kwa hiyo kila ncha hupata mwanga kwa miaka 42 hivi, kisha giza kwa miaka mingine 42. Chombo cha Voyager 2 kilipopita huko Januari 1986, ncha ya kusini ilikuwa imelikabili Jua karibu moja kwa moja.

Sayari zilitokana na wingu la gesi na vumbi lililolizunguka Jua changa, miaka bilioni 4.6 hivi iliyopita. Zingeachwa zikue kwa utulivu, zote zingesimama karibu wima. Lakini mwishoni mwa kuumbwa kwake palikuwa na vurugu tupu. Magimba makubwa yaligongana, na sayari iliyopigwa pembeni ilibadili namna inavyojizungusha. Kwa hiyo ndiyo, kugongwa ndiyo maelezo yenye wafuasi wengi. Mwaka 2018 Jacob Kegerreis na wenzake wa Chuo Kikuu cha Durham, Uingereza, waliuigiza mgongano huo kwa kompyuta, wakaona kuwa gimba lenye uzito wa Dunia mbili au zaidi lingeweza kuilaza.

Mimi lakini sikubali maelezo yoyote kabla ya kuiuliza miezi yake. William Herschel, aliyeigundua Uranusi mwaka 1781, aliiona miwili ya kwanza, Titania na Oberon, mwaka 1787. Miezi yote mikubwa mitano huizunguka ikweta ya sayari, maana yake nayo imelala pamoja na mama yao! Pigo la ghafla lisingeweza kuibeba; lingeilaza sayari na kuiacha miezi kwenye njia yake ya zamani. Basi kama iligongwa, lazima pigo lilitangulia, miezi ikafuata. Mwaka 2012 Alessandro Morbidelli na wenzake walikwenda mbali zaidi: pigo moja zito lingetupa miezi inayokwenda kinyume na mzunguko wa sayari, jambo ambalo silo tunaloliona. Wakapendekeza mapigo mawili au zaidi.

Iko njia nyingine, ya polepole. Umewahi kuitazama pia, kile kichezeo cha watoto cha kuzungusha, ikichezeshwa sakafuni? Kabla haijalala, kichwa chake huyumba kikichora duara. Mihimili ya sayari nayo huyumba, ila kwa maelfu na mamilioni ya miaka. Mwendo wa kuyumba huko ukilingana na wa kuyumba kwa njia ya sayari angani, misukumo midogo hujumlika, kama mtoto kwenye bembea anayesukumwa kwa wakati wake. Zohali, yenye nyuzi 26.7, inadhaniwa iliinamishwa hivi kwa mvuto wa Neptuni. Mwaka 2022 Melaine Saillenfest na wenzake walionyesha kuwa hata Uranusi ingeweza kulazwa hivyo na mwezi mkubwa uliokuwa ukisogea mbali nayo. Zuhura, inayojizungusha kinyumenyume mara moja kwa siku 243, ni kisa tofauti: angahewa yake nzito mno inaaminika kuwa na mkono.

Dunia je? Ondoa hofu. Mwezi wetu ni mkubwa kwa kulinganisha na sayari yake, na mvuto wake huushika mhimili wetu. Hucheza kati ya nyuzi 22.1 na 24.5 tu, kwa mzunguko wa miaka 41,000 hivi. Mirihi haina mwezi wa namna hiyo, na hesabu za Jacques Laskar mwaka 1993 zilionyesha kuwa mhimili wake unaweza kuyumba kutoka sifuri hadi nyuzi 60.

Mwanao akitaka kuiona Uranusi yenyewe, Novemba 2026 itakuwa jirani na kundi la nyota la Kilimia, upande wa mashariki baada ya usiku kuingia. Tumieni darubini ya mkononi na ramani ya nyota, mbali na taa za mji. Mtaona kitone chenye rangi ya kijani na buluu, tofauti na nyota zilizo kando yake.