Mwalimu wa sanaa aliyevuka miaka 50 na tuzo kubwa

Ndugu, umeuliza kama mwalimu wa chuo cha sanaa aliyevuka umri wa miaka 50 bado ana nafasi katika tuzo kubwa, au kazi yake imebaki kuwasindikiza wanafunzi. Nafasi ipo. Lubaina Himid, aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1954 na kulelewa Uingereza, alitwaa Tuzo ya Turner, tuzo kubwa ya sanaa ya Uingereza, mwaka 2017 akiwa na miaka 63, huku akiwa profesa wa chuo kikuu mjini Preston. Tangu 1991 tuzo hiyo haikuwapokea wasanii waliofikisha miaka 50, na kikomo hicho kiliondolewa mwaka huohuo alioshinda. Bila uamuzi huo jina lake lisingefika hata mezani kwa majaji.

Hata hivyo, ningekushauri utazame zaidi yaliyotangulia. Mwaka 1983, akiwa bado mwanafunzi wa Royal College of Art, chuo cha sanaa cha London, aliandaa maonyesho ya wanawake watano weusi katika kituo cha utamaduni cha Africa Centre, London, na mwaka 1985 akaandaa mengine katika ICA (Institute of Contemporary Arts), taasisi ya sanaa ya kisasa mjini humo, ambako kazi zilitundikwa kwenye ujia na ngazi badala ya kumbi kuu. Hakusubiri mwaliko wa mtu, jambo ambalo kwangu lina uzito kuliko tuzo yenyewe. Nawe unaweza kuanza na korido ya chuo chenu muhula huu, ukiweka kazi zako pamoja na za wanafunzi, mradi mchapishe katalogi, hata ya kurasa chache, kwa kuwa hiyo hubaki kuwa kumbukumbu ya maandishi.