Nina leseni daraja D na ninaendesha Canter: nifikeje kwenye semi?

Swali: Shikamoo kaka. Mimi ni dada wa miaka 27, nakaa Himo. Huu ni mwaka wa tatu naendesha Canter, nachukua ndizi na mahindi napeleka soko la Kilombero, Arusha. Leseni yangu ni daraja D. Nataka kuingia kwenye magari ya tela, nianze na Dar, baadaye Zambia na Kongo. Kuna mtu anasema nimpe hela anitolee daraja E ndani ya wiki mbili bila kwenda chuo, halafu nitazoea barabarani. Na kila kampuni ninayouliza inataka uzoefu, nami sina. Nianzie wapi? Na mwanamke anaiweza kazi hii kweli?

Jibu: Marahaba mdogo wangu. Nimeendesha semi miaka 19, na sasa nafundisha vijana hapa Arusha. Wengi wanaokuja kwangu tayari wana hiyo E ya wiki mbili mfukoni. Wanaanza upya kabisa, tena na woga ambao hawataki kuusema mbele za wenzao.

Hela yako usimpe. Daraja D halihusu magari mazito. E ndilo linalokuruhusu kukaa kwenye kichwa chenye tela, na hupandishwa kutoka D baada ya kozi na majaribio. Kozi zinatolewa na NIT, yaani Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, kule Mabibo, Dar es Salaam, na VETA. Chuo cha VETA Kihonda, Morogoro, kina jina kwa mafunzo ya magari makubwa, lakini kwa kuwa uko Himo pita kwanza VETA Moshi uulize wana kozi gani za udereva kwa sasa. Tena tangu sheria ya 2019 ya LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa ardhini, dereva wa chombo cha biashara anatakiwa athibitishwe, kwa hiyo karatasi za mkato zitakukwamisha huko mbele hata kama zilipita dirisha la kwanza.

Ila sababu yangu kubwa ni uzito. Canter yako ikiwa na mzigo wake halali haifiki tani 10. Semi ya ekseli sita inaruhusiwa hadi tani 50, na gari la ekseli saba hadi tani 56. Kwenye Canter ukichelewa kushika breki, mguu bado unaweza kukuokoa. Kwenye semi iliyojaa, ukishaingia mteremko na mwendo usio wake, mguu hauna tena msaada.

Unaujua mteremko wa Kikafu, ukitoka Boma Ng'ombe kuja Moshi. Kwa Canter unauona wa kawaida. Sasa fikiria unaushuka na tani 50. Dramu ya breki ikipata moto sana hutanuka na kujitenga na breki shuu, na breki shuu yenyewe ikiungua inateleza. Unakanyaga mpaka mwisho, gari halishiki. Kibaya zaidi, breki hizi ni za upepo. Ukikanyaga na kuachia mfululizo unaumaliza upepo kwenye matenki haraka kuliko kompresa inavyoujaza, na ukishuka mno, springi za breki ya kuegeshea zinajifunga zenyewe ukiwa katikati ya kona. Ndiyo maana gari la namna hii hushushwa kwa gia na breki ya injini, na breki ya mguu inabaki ya kusahihisha. Mwendo ukizidi, kanyaga kwa uthabiti mpaka upungue kama kilomita 8 kwa saa, kisha achia kabisa dramu zipoe. Na gia unaichagua juu, kabla mteremko haujaanza. Ukisubiri mpaka katikati ndipo ushushe, inaweza kugoma kuingia ukabaki nyutro na mzigo wote unakusukuma.

Mara ya kwanza kushuka Kitonga nikiwa kwenye usukani ilikuwa usiku, tumebeba shaba ya Zambia tunarudi Dar. Mzee aliyekuwa ananifundisha akaniamuru nisimame juu. Akachukua tochi, akazunguka tairi zote, akawa anasogeza mgongo wa kiganja karibu na kila dramu. Tulipopanda akaniuliza, "Ungekuwa unaupanda mlima huu na mzigo huu, ungeweka gia ya ngapi?" Nikasema ya nne. "Basi weka ya tatu, na mguu wa klachi utoe kwenye pedali, uweke sakafuni ukae hapo." Tukashuka mwendo wa baiskeli. Malori mawili yalitupita yakipiga honi, nami nikaona aibu. Tulipofika chini mzee akagusa dramu zetu, zilikuwa za vuguvugu tu. Mbele kidogo lilikuwa limesimama mojawapo ya yale yaliyotupita, tairi za nyuma zinafuka moshi, harufu ya breki iliyoungua imejaa bondeni, na dereva anamwagia dramu maji. Mzee akamkimbilia kumzuia, maana maji kwenye dramu ya moto huipasua.

Februari 2024, pale Ngaramtoni kwenye barabara ya Namanga, lori lililoelezwa kuwa lilikosa breki liliyagonga magari mengine na watu 25 wakafa. Kila mwanafunzi wangu namsimamisha eneo lile kabla sijamkabidhi usukani. Nataka ajue kwamba kazi anayoiomba inabeba roho za watu ambao hawamo ndani ya gari lake.

Uzoefu sasa. Usianze kwa kutafuta usukani, tafuta kiti cha pembeni. Uliza kwa wenye magari wanaobeba sukari ya TPC au saruji ya Tanga kama kuna dereva mtu mzima anayehitaji tandiboi, yaani msaidizi wa kwenye gari. Najua umeshakuwa dereva, na kurudi kuwa tandiboi kunauma. Lakini mwaka mmoja hapo utakupa kitu ambacho chuo hakina muda wa kukupa. Utafunga turubai, utabadilisha tairi kwenye jua la Same, na kila asubuhi utalikagua gari mpaka mikono ijue yenyewe. Baada ya hapo endesha gari la tairi kumi lisilo na tela, ndipo uhamie semi. Anayeruka ngazi hiyo namjua siku ya kwanza, kwa sababu anakata kona kama yuko kwenye Noah na tairi za tela zinapanda ukingo wa barabara.

Kuhusu ukaguzi nitasema jambo moja tu, kuunga tela, maana ndipo nilipoona ajali za kijinga zaidi. Ukirudisha kichwa mpaka pini ya tela ikaingia na kufunga, usiamini mlio. Breki za tela zikiwa zimefunga, weka gia ya chini ujaribu kuvuta mbele kidogo. Likishika, shuka, ingia chini na tochi, utazame kama kuna mwanya wowote kati ya sahani ya kichwa na tumbo la tela. Ukiona mwanga unapita, tela halijakaa. Ndipo uunge mipira ya upepo, mwekundu wa dharura na wa njano wa breki ya mguu, uchomeke waya wa taa, na mwisho upandishe miguu ya tela. Kisha jaza upepo, zima injini, kanyaga breki uishikilie huku unatazama geji na unasikiliza. Upepo unaovuja una mlio wake. Niliwahi kufanya kazi kwa tajiri mmoja aliyenitaka niondoke na tela linalovuja kwa sababu mteja alikuwa anasubiri. Nilimpa funguo. Nikakaa miezi miwili bila kazi, na mke wangu akauza kuku wake tule. Uamuzi ule ningeurudia leo.

Kurudi nyuma ndiko kutakakokutoa jasho. Tela huenda kinyume na usukani. Shika usukani chini kabisa, upande wa tumbo lako, halafu peleka mkono upande unaotaka kitako cha tela kiende. Nenda taratibu sana, sahihisha mapema na kidogo. Panga kurudi kwa kukunjia upande wako wa kulia, maana kushoto tela likishakunja kioo hakikuonyeshi kitu. Ukipata shaka, simama, shuka, tazama. Hakuna dereva wa maana atakayekucheka kwa kushuka mara nne. Huko kwenu una bahati moja: kuna mashamba ya tambarare kuelekea Kahe yenye trekta na tela. Omba mwenye shamba akuruhusu urudishe tela kati ya ndoo mbili, jioni moja baada ya nyingine. La ekseli moja linakunja kama semi. La ekseli mbili linakunja sehemu mbili kama puling, lile tela linalovutwa kwa mkono wa chuma nyuma ya lori, na ukiliweza hilo, semi utaiona rahisi.

Mizani nayo ijue mapema, kwa sababu dereva ndiye anayekaa pale na gari. Tangu tarehe 1 Machi 2019 tunafuata sheria ya uzito ya Afrika Mashariki. Ekseli ya mbele tani 8, mbili zinazofuatana 18, tatu zinazofuatana 24. Jumlisha, unapata zile 50. Sasa wapakiaji wakirundika sukari nyuma, jumla inaweza kuwa 49 na bado ukakamatwa Vigwaza kwa kuwa ekseli za tela zimezidi. Simama wakati wa kupakia. Usilale.

Umeuliza kama mwanamke anaiweza. Anaiweza. Gari la upepo lenye usukani mwepesi halidai misuli, linadai subira, na wanawake wawili niliowafundisha walinishinda uvumilivu wa kurudi nyuma. Kigumu kiko kwingine, nami sitakuficha. Ni mahali pa kulala, choo, na wanaume mpakani wanaodhani umekuja kwa shughuli nyingine. Kwa hiyo tajiri ukimhoji usiulize mshahara peke yake. Uliza posho ya safari ni kiasi gani na inatolewa kabla au baada, gari linalala wapi Chalinze na Tunduma, na kama kuna yadi yenye ukuta na mlinzi. Uliza pia tandiboi wako atakuwa nani, kwa sababu mtakaa kwenye kibanda kimoja siku kadhaa na una haki ya kumkataa usiyemwamini. Mkataba uwe wa maandishi, na NSSF iwemo.

Safari za nje zisubiri angalau mwaka mmoja wa Arusha na Dar. Pasipoti anza kuishughulikia sasa. Halafu usichanganye vitu viwili ambavyo wote barabarani wanaviita kadi ya njano: moja ni bima ya COMESA ya gari, ambayo tajiri anaikata, na nyingine ni cheti chako cha chanjo ya homa ya manjano. Hicho cha chanjo huanza kuhesabika siku 10 baada ya kuchomwa, kwa hiyo usiende kuchoma wakati gari limeshapakiwa.